Miaka 18 Peterhead: Hukumu ya Oscar Slater na Dola Isiyotaka Kukosea

Kila mwaka, ninapofika kwenye mada ya dola na haki, huwauliza wanafunzi wangu swali moja: dola ikigundua kwamba imemfunga mtu asiye na hatia, italinda nini kwanza, mtu yule au hukumu yake? Mwaka huu mwanafunzi mmoja, ambaye kabla ya kuja chuoni alikuwa mtumishi katika halmashauri, alinijibu kutoka mstari wa nyuma: "Inategemea, mwalimu, ni nani aliyesaini." Darasa lilicheka. Mimi jibu lile lilinikumbusha kesi moja ya zamani ya Uskoti, na niliwaahidi kuwaandikia habari zake. Natimiza ahadi hiyo leo, nikiamini kwamba itawafaa pia wanaharakati na watumishi wa umma wanaonisoma hapa.

Jioni ya tarehe 21 Desemba 1908, katika mtaa wa West Princes Street mjini Glasgow, bibi mmoja mwenye umri wa zaidi ya miaka 80, Marion Gilchrist, aliuawa sebuleni kwake kwa kupondwa kichwa. Alikuwa tajiri, hakuwahi kuolewa, na aliishi na mtumishi wake wa ndani tu, msichana wa miaka 21 aitwaye Helen Lambie. Bibi Gilchrist alipenda vito, na alikuwa navyo vya thamani kubwa. Aliogopa wezi, akaweka kufuli zaidi ya moja mlangoni, na alikuwa amekubaliana na majirani wa ghorofa ya chini kwamba akipatwa na jambo atagonga sakafu ili wamsikie.

Yapata saa moja jioni Lambie alitoka kwenda kununua gazeti. Hakukaa huko zaidi ya dakika kumi. Katika muda huo Arthur Adams, mwanamuziki aliyeishi chini, alisikia kishindo juu ya dari yake. Alipanda, akapiga kengele ya mlango, akasikia ndani sauti kama ya mtu anayepasua kuni. Lambie aliporudi alimkuta Adams mlangoni. Alipofungua, mwanamume mmoja alitoka ndani kwa utulivu, akawapita kana kwamba ni mgeni wa kawaida, kisha akateremka ngazi mbio. Bibi alikutwa karibu na meko, amefunikwa zulia. Sanduku la nyaraka zake lilikuwa limevunjwa na karatasi zimetapakaa. Katika vito vyote vile, kilichoonekana kukosekana kilikuwa kimoja: bizimu ya almasi, lile pambo ambalo wanawake hulibana kwenye vazi kifuani.

Mpelelezi makini angejiuliza maswali matatu papo hapo. Mlango haukuvunjwa, je, bibi mwoga kiasi kile alimfungulia nani? Mwuaji aliacha vito akahangaikia karatasi. Je, alitafuta nini? Na kwa nini Lambie hakushtuka alipomwona mwanamume akitoka chumbani? Maswali haya yote yalielekea upande mmoja, kwa mtu ambaye bibi alimfahamu. Polisi walielekea upande mwingine.

Siku ya Krismasi, polisi walipata habari kwamba mtu mmoja alikuwa akijaribu kuuza stakabadhi ya rehani ya bizimu ya almasi. Jina lake lilikuwa Oscar Slater. Alizaliwa mwaka 1872 huko Silesia, wakati huo sehemu ya Ujerumani, kwa jina la Oskar Leschziner. Alikuwa Myahudi, mgeni, mcheza kamari, mchuuzi wa vito, mtu wa majina mengi aliyeishi na mwanamke asiye mkewe. Usiku huohuo Slater aliondoka Glasgow kwenda Liverpool, na kesho yake akapanda meli ya Lusitania kuelekea New York. Kwa polisi, mambo yalikuwa yamekamilika: bizimu, mgeni, na kukimbia.

Lakini dalili ile ya kwanza ilianguka mara moja. Polisi walipokwenda kwenye duka la rehani walikuta kwamba bizimu ya Slater ilikuwa imewekwa tarehe 18 Novemba, zaidi ya mwezi mmoja kabla ya mauaji. Haikuwa mali ya Bibi Gilchrist. Kamba pekee iliyomfunga Slater na nyumba ile ilikuwa imekatika kabla hata meli haijafika Marekani.

Hapa ndipo ninapowaomba wasomaji wangu wasimame kidogo. Kosa la kumshuku Slater kwa ajili ya bizimu halikuwa dhambi. Upelelezi wowote huanza kwa kubahatisha, na kuteleza si kuanguka. Dhambi ilianza pale sababu ya kumshuku ilipokufa na shaka yenyewe ikaachwa hai. Tangu siku ile polisi hawakutafuta tena aliyemwua Bibi Gilchrist. Walitafuta namna ya kuthibitisha kwamba ni Slater.

Tazameni ushahidi wa utambuzi ulivyojengwa. Mbali na Lambie na Adams, alijitokeza msichana wa miaka 14, Mary Barrowman, aliyesema mtu aliyetoka mbio katika jengo lile alimgonga kikumbo karibu na taa ya barabarani. Maelezo yake na ya Lambie juu ya mavazi ya mtu huyo yalitofautiana kiasi kwamba mwanzoni polisi walitangaza kuwa wanatafuta watu wawili. Baadaye watu hao wawili wakageuka kuwa mmoja. Mashahidi wote watatu walisafirishwa hadi New York. Wasichana wale wawili walilala chumba kimoja melini. Kabla ya kusikilizwa, Barrowman na Adams walikuwa wamekwisha kuonyeshwa picha ya Slater, na mshitakiwa mwenyewe alipitishwa mbele ya mashahidi kwenye ujia wa mahakama akiwa katikati ya maofisa. Hapo ndipo walipoulizwa kama mtu waliyemwona Glasgow yumo.

Adams, ambaye hakuona vizuri mbali na siku ya tukio hakuvaa miwani yake, alisema tu kwamba Slater anafanana sana na mtu yule, na hakupita hapo hata kizimbani. Namheshimu kwa hilo. Lambie alisema New York kwamba hakuuona uso, bali alimtambua kwa mwendo wake; miezi michache baadaye, mahakamani Edinburgh, alidai kwamba uso aliuona. Kumbukumbu ya binadamu kwa kawaida hufifia kadiri siku zinavyopita. Ya Lambie ilizidi kung'aa.

Na huku kukimbia kwake? Safari ya Marekani Slater alikuwa ameizungumza na watu kabla ya mauaji. Akiwa Liverpool alijiandikisha hotelini kwa jina la Oscar Slater, tena akitaja kwamba anatoka Glasgow. Melini alitumia jina jingine, jambo lililomponza, ingawa kubadili majina ilikuwa desturi yake ya miaka mingi. Na aliposhikwa New York, badala ya kupinga kurejeshwa, alikubali kwa hiari yake kurudi Uskoti kujibu mashitaka. Alidhani mtu asiye na hatia hana haja ya kuogopa mahakama.

Kesi ilisikilizwa Edinburgh kuanzia tarehe 3 hadi 6 Mei 1909. Upande wa mashitaka uliongozwa na Alexander Ure, mwanasheria mkuu wa serikali kwa Uskoti. Alizungumza bila karatasi, kwa ufasaha uliosifiwa sana, na akakosea mambo ya msingi. Aliwaambia waamuzi kwamba Slater alitoroka baada ya jina lake kutangazwa magazetini, wakati jina hilo lilikuwa halijatangazwa. Suala la bizimu, lililomfikisha Slater pale, halikuwekwa wazi mbele yao kama lilivyostahili. Nyundo ndogo iliyokutwa katika mizigo yake ilifanywa silaha ya mauaji, ilhali hakukuwa na uthibitisho kwamba ilikuwa na damu.

Jaji, Lord Guthrie, alipowaelekeza waamuzi aliwaambia kwa maana hii: mtu mwenye maisha kama ya Slater hana dhana ya kutokuwa na hatia kwa kiwango kilekile alicho nacho mtu wa kawaida. Wanafunzi wa sheria waisome sentensi hiyo mara mbili. Dhana ya kutokuwa na hatia haikuwekwa kwa ajili ya watu wema, kwa sababu watu wema mara nyingi wana majirani wa kuwasemea. Iliwekwa hasa kwa ajili ya yule ambaye mtaa mzima umekwisha kumhukumu.

Baraza la waamuzi raia la Uskoti lilikuwa na watu 15, na wakati huo liliamua kwa wingi wa kura. Tisa walimwona Slater ana hatia. Watano walisema mashitaka hayajathibitika, na mmoja alisema hana hatia. Kwa kura hizo tisa alihukumiwa kunyongwa tarehe 27 Mei. Watu wapatao 20,000 walisaini ombi la kumnusuru, na siku mbili kabla ya kamba, adhabu ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha na kazi ngumu. Serikali haikueleza sababu. Kama ilimwamini kuwa ndiye mwuaji wa bibi yule kwa namna ile ya kikatili, huruma hiyo ni ngumu kuelezeka. Kama haikuamini, kifungo ndicho kisichoelezeka. Slater alipelekwa gereza la Peterhead, kaskazini mwa Uskoti, kwenye machimbo ya mawe.

Mwaka 1910 mwanasheria William Roughead alichapisha mwenendo wa kesi hiyo. Mwaka 1912 Arthur Conan Doyle, mwandishi mashuhuri wa hadithi za upelelezi, alitoa kijitabu kilichochambua ushahidi kipande kwa kipande. Hawa walikuwa watu wa nje, na dola yoyote inajua namna ya kuwavumilia watu wa nje: huwaacha waandike. Lakini mtu ambaye napenda watumishi wa umma wamfahamu zaidi alikuwa wa ndani. Jina lake ni John Thomson Trench, ofisa mpelelezi wa polisi ya Glasgow, aliyetunukiwa nishani ya Mfalme kwa utumishi wake.

Mwishoni mwa 1912 Trench alipewa kazi ya kusaidia upelelezi wa mauaji mengine ya mwanamke tajiri wa umri mkubwa aliyeishi peke yake, Jean Milne, huko Broughty Ferry karibu na Dundee. Mashahidi wengi walikuwa wamemtambua mgeni kutoka Kanada, Charles Warner, kuwa ndiye waliyemwona karibu na nyumba ya marehemu. Warner alidai kwamba wakati huo alikuwa Antwerp, Ubelgiji, na kwamba huko aliweka kizibao chake rehani. Trench alisafiri hadi Antwerp, akalitafuta duka la rehani, akakipata kizibao. Warner akaachiwa. Rehani iliyomtia Slater matatani ndiyo iliyomwokoa Warner, kwa sababu safari hii alikuwapo mtu aliyekwenda kuhakikisha na akayakubali aliyoyakuta. Trench aliona kwa macho yake kwamba mashahidi wengi, waaminifu, wanaweza kukosea wote kwa pamoja.

Alirudi Glasgow na jambo lililokuwa likimkera tangu 1908. Alisema kwamba usiku wa mauaji Lambie alikimbilia kwa mpwa wa marehemu na kumtaja kwa jina mwanamume aliyemwona, mtu aliyefahamika katika nyumba ile. Jina hilo halikuwa Slater, na halikufika mahakamani. Trench hakukimbilia magazetini. Alimweleza wakili, akapitia njia za kiserikali, na akapeleka aliyokuwa nayo baada ya waziri mwenye dhamana ya Uskoti kuonyesha kwamba maelezo ya maandishi yangezingatiwa. Aliamini kwamba barua ya waziri ni kinga.

Uchunguzi ulifanyika Aprili 1914. Ulifanyika faraghani, mashahidi hawakula kiapo, na Slater hakuwapo. Lambie na mpwa wa marehemu walikana, na ikaamuliwa kwamba hakuna sababu ya kuigusa hukumu. Septemba mwaka huohuo Trench alifukuzwa kazi kwa kosa la kutoa nyaraka za polisi kwa mtu wa nje bila idhini ya mkuu wake. Alijiunga na jeshi, na mwaka 1915, akijiandaa kwenda vitani, alikamatwa pamoja na wakili aliyemsaidia kwa tuhuma za kupokea mali ya wizi. Wote wawili waliachiwa huru na mahakama. Trench alifariki mwaka 1919, bila kuona Slater akitoka.

Nimewahi kusikia wakubwa wa ofisi wakisema kwamba mtumishi mwenye malalamiko afuate taratibu. Trench alizifuata. Kosa lililomfukuzisha kazi lilikuwa la utaratibu, na halikuhusu ukweli wa alichosema. Hivi ndivyo mara nyingi taasisi inavyomjibu mtu wa ndani aliye mkweli: haibishani naye juu ya hoja, inamtafutia kanuni aliyoivunja.

Slater aliendelea kuvunja mawe. Mwaka 1925 mfungwa mmoja aliyekuwa akiachiwa alitoka Peterhead na ujumbe wa Slater aliouficha kinywani, akaufikisha kwa Conan Doyle. Kampeni ikafufuka. Mwaka 1927 mwandishi William Park, aliyewahi kumfahamu Trench, alitoa kitabu kuhusu kesi hiyo, magazeti yakaipokea, wanasiasa, akiwamo Ramsay MacDonald, wakaingia. Magazeti yakachapisha maelezo ya Lambie na Barrowman, mashahidi wenyewe, yaliyoonyesha kwamba utambuzi wao ulisukumwa na polisi. Tarehe 14 Novemba 1927 Slater aliachiwa, baada ya miaka 18 na nusu.

Kuachiwa si kusafishwa. Uingereza ilikuwa imeunda mahakama ya rufaa ya jinai tangu 1907, kufuatia kashfa ya Adolf Beck, mtu aliyefungwa kwa kufananishwa na mwingine. Uskoti haikuwa na mahakama hiyo hadi 1926, na sheria yake haikuhusu hukumu za zamani. Ilibidi Bunge litunge sheria maalumu ili rufaa ya Slater isikilizwe. Tarehe 20 Julai 1928 hukumu ilibatilishwa, kwa sababu moja tu: jaji wa mwaka 1909 aliwapotosha waamuzi kuhusu dhana ya kutokuwa na hatia. Hoja zilizogusa ushahidi na mwenendo wa mashitaka hazikumpa ushindi. Hivyo lawama ilimwangukia jaji aliyekuwa amekwisha kufariki, na polisi na waendesha mashitaka wakatoka salama. Slater alilipwa pauni 6,000. Aliishi Ayr hadi kifo chake mwaka 1948.

Sasa nirudi nyumbani, maana sheria ya jinai ya Tanzania na Kenya ina mizizi katika sheria ya Waingereza, pamoja na hatari zake. Mwaka 1953, katika shauri la Abdallah bin Wendo, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilitahadharisha juu ya kumtia mtu hatiani kwa utambuzi wa shahidi mmoja katika mazingira magumu. Mwaka 1980, katika shauri la Waziri Amani, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema kwamba ushahidi wa kuona kwa macho ni dhaifu na usiotegemeka kirahisi, na kwamba mahakama isiutumie mpaka uwezekano wote wa kufananisha uwe umeondolewa. Shahidi alimwona mtu kwa muda gani? Kwa umbali gani? Kulikuwa na mwanga wa aina gani? Alimfahamu kabla? Jaribuni kuyapeleka maswali haya kwenye ngazi za West Princes Street, kwa sekunde chache zile, mkaone kama kesi ya Slater ingesimama.

Kwa hiyo kanuni tunazo, na ni nzuri. Ninachohofia ni mlango wa kurudi. Tanzania bado ina adhabu ya kifo ya lazima kwa kosa la kuua kwa kukusudia: jaji akimtia mtu hatiani hana adhabu nyingine ya kutoa. Kenya iliondoa ulazima huo mwaka 2017 kwa uamuzi wa Mahakama ya Juu katika shauri la Muruatetu. Kamba haijatumika Kenya tangu 1987, wala Tanzania tangu katikati ya miaka ya 1990. Lakini kutotumika kwa kamba hakumfungulii mtu geti. Nchini Tanzania, rufaa zikishaisha, mfungwa anayesema hakutenda kosa kwa kiasi kikubwa anabaki na huruma ya Rais, na huruma husamehe kosa. Haisemi kwamba kosa halikuwapo. Slater aliponea kwa siku mbili, kisha ikahitajika sheria maalumu ya Bunge ili jina lake lisafishwe. Wangapi kwetu wana Conan Doyle wa kuwasemea?

Tunahitaji utaratibu wa kudumu wa kufungua upya mashauri ambayo ushahidi mpya umeyatia shaka, na tunahitaji sheria inayomlinda Trench wetu kwa vitendo, mtumishi anayeliona jalada na kujua kwamba limepungukiwa karatasi moja. Mwanafunzi wangu wa mstari wa nyuma alikuwa sahihi kwamba mambo hutegemea aliyesaini. Kazi yetu ni kujenga mfumo ambao aliyesaini anaweza kusema "nilikosea" bila kupoteza kila kitu, na asiposema, mwingine aseme kwa niaba ya ukweli.

Watetezi wa hukumu ile walisema kwa miaka 18 kwamba wanaisimamia haki ya Bibi Gilchrist. Lakini baada ya Slater kukamatwa, hakuna mtu mwingine aliyewahi kushitakiwa kwa kumwua. Jina lililodaiwa kutajwa usiku ule lilichunguzwa mara moja tu, miaka mitano baadaye, kwa siri na bila kiapo. Bibi yule aligonga sakafu ili asikiwe, na jirani yake alimsikia akapanda. Waliolipwa kutafuta aliyemwua waliacha kumtafuta wiki ileile.